Anayedai Ndiye Athibitishe: Imani na Shaka katika Kichwamaji

Neno 'thibitisha' huwatia kiwewe watahiniwa wengi wa karatasi ya fasihi, 102/3. Mtahini hutoa kauli, kisha humtaka mwanafunzi aonyeshe kwa mifano kutoka kitabuni kwamba kauli hiyo ina mashiko. Mwanafunzi asiyeleta mifano hapati kitu, hata kama anachokisema ni kweli tupu. Sisi walimu tunalijua sharti hili na tunalihubiri kila muhula. Ajabu ni kwamba panapozuka suala la Mungu katika kazi ya fasihi, sharti hilo hilo hulegezwa ghafla. Mwanafunzi huandika kwamba mwandishi fulani hamwamini Mungu, naye mwalimu hutia alama ya vyema pembeni. Mwingine huandika kwamba mhusika aliangamia kwa sababu alimwacha Mungu, na alama ya vyema hutiwa pia. Hakuna anayeuliza: umeyajuaje hayo, na ni wapi katika kitabu panaposema hivyo?

Makala hii inanuia kuliangalia suala hilo kupitia riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji, iliyochapishwa mwaka 1974. Najua, ewe mtahiniwa, kwamba riwaya hii haimo katika vitabu teule unavyoulizwa. Walakini hakuna riwaya nyingine ya Kiswahili iliyozua hukumu nyingi za haraka kuhusu imani ya mwandishi wake kuliko hii, na anayejifunza kuihakiki vizuri atakuwa amejifunza kuhakiki kitabu chochote. Nitajaribu kuonyesha kwamba makundi mawili ya wasomaji, wale wanaosema riwaya inamkana Mungu na wale wanaosema inawaonya wanaomkana, yametenda kosa moja. Yote mawili yamedai pasipo kuthibitisha.

Mdai na bayana yake

Kwanza tukubaliane juu ya kanuni. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, kifungu cha 107, inamtwika jukumu la kuthibitisha yule anayetaka mahakama itoe hukumu kwa msingi wa jambo analodai kuwa lipo. Fiqhi ya Kiislamu, ambayo kwa karne nyingi imetumiwa na makadhi wa pwani yetu, ina kanuni iliyo karibu na hiyo: mdai alete ushahidi, naye anayekana aape. Neno la Kiarabu kwa ushahidi huo lina mzizi mmoja na neno letu 'bayana'. Kwa hivyo mwanafunzi anapoandika "ni bayana kwamba", lugha yenyewe inamkumbusha kwamba anadaiwa kitu.

Methali zetu hazikubaliani kuhusu jambo hili, na hapo ndipo utamu ulipo. 'Dalili ya mvua ni mawingu' inatufundisha kusoma alama na kuhitimisha kutokana nazo, na muumini anayetazama mlima Elgon asubuhi akasema kwamba haukujiumba anatumia mantiki hiyo hiyo. 'Lisemwalo lipo, na kama halipo laja' inakwenda mbali zaidi. Inamwondolea msemaji jukumu lote, kwa kuwa hata uvumi ukikosa ushahidi leo, unakopeshwa ushahidi wa kesho. Sijapata kuona methali iliyo hatari kuliko hiyo katika insha ya uhakiki.

Mwanafalsafa Mwingereza Bertrand Russell aliueleza mgogoro huu mwaka 1952 kwa mfano wa birika la chai. Tuseme mtu anadai kwamba kuna birika linalolizunguka jua kati ya dunia na sayari ya Mirihi, dogo kiasi kwamba hakuna darubini inayoweza kuliona. Je, wewe unayetilia shaka ndiwe utakayethibitisha kwamba halipo? Russell alisema la, jukumu ni la anayedai. Muumini naye ana jibu lake, na si jibu la kudharauliwa. Atasema kwamba Mungu si kitu kimoja miongoni mwa vitu, mithili ya birika, hata atafutwe kwa darubini. Kwamba imani haikuwa kamwe hitimisho la hesabu. Mhakiki wa fasihi halazimiki kuumaliza mjadala huu. Kazi yake ni ndogo, na pengine ngumu zaidi: kuuliza katika matini hii nani anadai, nani anakana, na ushahidi umewekwa mikononi mwa nani.

Kabla ya Kezilahabi

Wapo wanaodhani kwamba shaka katika fasihi ya Kiswahili lililetwa na wasomi wa vyuo vikuu baada ya kusoma vitabu vya Wazungu. Si kweli kabisa. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaukabili moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya Pate: majumba yaliyokuwa na fahari sasa ni makazi ya wadudu na ndege. Moyo ule haukani kuwapo kwa Mungu. Unasitasita tu kuyaishi yale unayoyajua. Hata hivyo tazama mshairi anavyouendea. Hauamrishi tu uamini. Anauletea ushahidi wa macho, jumba baada ya jumba, na ni yeye mwenye imani aliyejitwika kazi ya kuleta hoja. Tenzi za mawaidha zinafundishwa madarasani kana kwamba ni amri tupu. Hii ni ya mtu aliyejua kwamba moyo hauridhiki kwa kufokewa.

Shaaban Robert naye, katika Kusadikika (1951), aliiweka hadithi nzima mahakamani. Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na Waziri Majivuno ndiye mshtaki. Kinaya cha jina la nchi ile kinatosha somo zima la darasani: nchi inayoitwa Kusadikika imening'inia angani, haina mahali inapokanyaga, na humo hakuna anayesadikiwa isipokuwa mkubwa. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta yenye manufaa na ambao, waliporudi, walitiwa kifungoni. Wa kwanza wao ni Buruhani. Mwalimu mwenzangu, waambie wanafunzi wako kwamba neno hilo lina maana ya ithibati. Nchi ya kuamini ilimfunga Ithibati! Na mwandishi aliyeyaandika hayo alikuwa Mwislamu mcha Mungu, ambaye ushairi wake umejaa dua na shukrani. Kwake kudai ushahidi hakukuwa uadui kwa imani. Uadui ulikuwa wa wenye madaraka kwa wote wawili, mwenye kuamini na mwenye kuuliza.

Kezilahabi alikijua kitabu hicho barabara. Tasnifu yake ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1976, ilihusu riwaya za Shaaban Robert. Ukimsoma Kazimoto baada ya kumsoma Karama utaona tofauti moja kubwa. Karama ana baraza la kumsikiliza. Kazimoto hana.

Kazimoto na kimya cha riwaya

Kwa wale ambao hawajaisoma, nitasimulia kwa ufupi. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Manase, rafiki yake wa utotoni ambaye sasa ana cheo serikalini, amempachika mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na msichana huyo anakufa. Kazimoto anakusudia kulipiza kisasi kwa kumharibia Manase dada yake, Sabina. Kisasi kinageuka mapenzi, na mapenzi yanageuka ndoa. Lakini mtoto anayezaliwa ana kichwa kisicho cha kawaida, kama alivyokuwa mtoto wa Manase mwenyewe, na chanzo chake ni ugonjwa uliotokana na mienendo ya watu wazima. Kazimoto anajiua. Katikati ya matukio hayo anafikiri na kubishana sana: kuhusu maana ya maisha, kuhusu kifo, na kuhusu kama Mungu yupo.

Hapa ndipo kundi la kwanza la wasomaji linapoingia. Kwa kuwa Kazimoto anatilia shaka kuwapo kwa Mungu, na kwa kuwa Kazimoto ni msomi kama Kezilahabi, wanahitimisha kwamba riwaya ni hati ya ukanamungu. Hoja hii ina matundu matatu, na la kwanza ni la kiufundi. Riwaya imesimuliwa katika nafsi ya kwanza. Hakuna msimulizi maizi anayekaa juu ya Kazimoto na kumthibitishia au kumkanushia maneno yake. Tunachopata ni ushuhuda wa shahidi mmoja, aliyejeruhiwa, mwenye hasira na mwenye nia ya kisasi. Hakuna hakimu ambaye angepokea ushahidi wa aina hiyo bila kuuhoji, nasi tunafundisha kila mwaka kwamba 'mimi' wa hadithi si mwandishi. Kwa nini tuisahau kanuni hiyo pale tu mhusika anapolitaja jina la Mungu?

Tundu la pili ni kuchanganya shaka na kukana. Anayekana amedai jambo, kwamba Mungu hayuko, na kwa dai hilo naye anadaiwa hoja. Anayetilia shaka hajadai lolote isipokuwa kwamba hajaridhika. Katika insha nyingi ninazosahihisha tofauti hii haipo kabisa: kila anayeuliza ni mkanamungu. Kazimoto kuna mahali anateleza kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mteremko huo ndio unaofaa kuchunguzwa ukurasa kwa ukurasa. Kuupachika jina moja ni kuukwepa.

La tatu ndilo linalonishughulisha zaidi. Jiulize, msomaji, riwaya yenyewe imethibitisha nini? Imethibitisha kwamba Rukia alikufa kwa tendo la Manase. Imethibitisha kwamba watoto walizaliwa na vichwa vile kwa sababu ya ugonjwa unaoambukizwa na binadamu kwa binadamu. Katika jamii ambayo vifo vinavyofuatana hushukiwa kuwa kazi ya mchawi au laana, mwandishi amefanya kitu kama uchunguzi wa maiti: ametafuta sababu na ameipata miilini mwa watu na katika matendo yao. Hilo ni pigo kwa wale wanaoona uchawi kila mahali. Je, ni pigo kwa Mungu? Riwaya imenyamaza. Kuthibitisha kwamba balaa ililetwa na binadamu si kuthibitisha kwamba hakuna aliyeiona kutoka juu akaiacha itokee, na swali hilo la pili, kwa nini akaiacha, ndilo linalomtafuna Kazimoto. Ni swali la Ayubu katika Biblia. Tofauti ni kwamba Ayubu alijibiwa kutoka katika upepo wa kisulisuli, ingawa jibu lenyewe lilikuwa maswali matupu.

Sasa kundi la pili, ambalo huku kwetu ndilo kubwa. Hawa husema: tazama, hakumwamini Mungu, na mwisho wake akajiua, riwaya inatuonya. Ni rahisi kuona kwa nini usomaji huu unapendwa. Unamruhusu mwalimu kufundisha kitabu chenye mashaka bila kuogopa mzazi, kasisi wala mfadhili wa shule. Hata hivyo jambo moja kufuata jingine si ushahidi kwamba lilisababishwa nalo. Na Kezilahabi mwenyewe aliishatupa mfano wa kupinga miaka mitatu nyuma. Katika Rosa Mistika (1971), Rosa ana jina lililotoka katika litania ya Bikira Maria, amelelewa katika mazingira ya Kikatoliki, amesomeshwa na masista, naye anajiua. Kama kifo cha Kazimoto kinathibitisha hasara ya kutoamini, kifo cha Rosa kinathibitisha nini? Mhakiki anayeshikilia hoja ya kwanza analazimika kuijibu ya pili, na sijaona aliyejaribu.

Wapo pia wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 waliomlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa wakati taifa lilikuwa linajenga ujamaa. Wengine wakamhusisha na udhanaishi wa Albert Camus, hasa kwa kuwa Camus alilifanya suala la kujiua kuwa kiini cha kitabu chake cha mwaka 1942 kuhusu Sisifo. Uhusiano huo una msingi. Ila nadhani umetumiwa mno kama kisingizio cha kutoisoma riwaya yenyewe: mwanafunzi akishaandika 'udhanaishi' hudhani kazi imekwisha.

Wele hakuombwa ithibati

Pana kitu kingine ambacho msomaji wa Bungoma au Kitale anaweza kukiona upesi kuliko msomaji wa mahali pengine. Kwa Wabukusu, kuwapo kwa Wele Khakaba, Muumba, hakukuwa jambo la kubishaniwa. Ugonjwa ulipoingia nyumbani swali halikuwa "Je, Wele yupo?" bali "Ni nani ametuletea hili, na tumemkosea nini?" Ithibati iliyotafutwa ilikuwa ya chanzo cha balaa, na mganga ndiye aliyetarajiwa kuileta. Swali la kuwapo kwenyewe liliingia kwa nguvu pale imani moja ilipoambiwa na nyingine kwamba mungu wake si Mungu.

Elijah Masinde na Dini ya Msambwa ni ushahidi wa hayo. Katika miaka ya 1940 Masinde aliwahimiza watu warudie ibada za mababu na wawakatae watawala wa kigeni. Mwaka 1945 serikali ya kikoloni ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi na kuwaua baadhi yao, na baadaye mwaka huo Masinde akahamishiwa Lamu. Tafakari, msomaji: mmisionari aliyehubiri juu ya Mungu asiyeonekana hakuombwa ithibati yoyote, lakini Mbukusu aliyehubiri juu ya Wele asiyeonekana alipelekwa kupimwa akili. Jukumu la kuthibitisha halikugawanywa kwa mantiki. Liligawanywa kwa bunduki. Sisemi haya kumtetea Masinde katika kila alilofanya. Nasema kwamba kabla ya kukubali kuwa fulani ndiye 'mwenye kichwa maji', tuulize nani alikuwa na mamlaka ya kuyapima maji hayo. Jina la riwaya ya Kezilahabi lina maana mbili, kichwa kilichojaa maji na mtu asiye timamu, na nashawishika kwamba maana ya pili inawahusu wanaompima Kazimoto kama inavyomhusu Kazimoto mwenyewe.

Upande wa pili wa mizani usisahauliwe. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliohusishwa na kanisa la mhubiri Paul Mackenzie, wengi wao wakiwa wamefunga hadi kufa. Mtu alidai kujua mapenzi ya Mungu, na hakuombwa ithibati na waliomfuata. Waumini wengi wa makanisa na misikiti walishtuka kama wengine, na ni haki yao kukataa kufungwa katika tita moja na yeye. Hata hivyo tukio lile linatuonyesha kwamba kuuliza "umejuaje?" si anasa ya wasomi.

Insha ya mwanafunzi

Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, msichana anayesoma kuliko ninavyoweza kumtafutia vitabu, aliniuliza baada ya kusoma Kichwamaji: "Mwalimu, nikiandika kwamba Kazimoto ana haki ya kuuliza, nitakatwa alama?" Nilimjibu kwamba alama zitategemea mifano yake. Jibu hilo lilikuwa sahihi, lakini swali lake lilikuwa zito kuliko jibu. Hakuwa anauliza habari za Kazimoto peke yake. Katika shule zetu nyingi siku huanza na kumalizika kwa sala, na mtoto mwenye shaka hujifunza mapema kulificha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni. Utangulizi wa Katiba hiyo hiyo unaukiri ukuu wa Mwenyezi Mungu. Wakenya wameyaweka yote mawili katika waraka mmoja, na darasa la fasihi ni mahali pazuri pa kuona kama yanaweza kukaa pamoja. Mwalimu akiwa muumini, na wengi wetu tu waumini, haitakiwi aiache imani yake mlangoni. Inatakiwa asiitumie kama mwongozo wa kusahihishia.

Je, mtahiniwa aandikeje basi? Chukua kauli kama hii: 'Kezilahabi anamkana Mungu katika kazi zake. Thibitisha.' Usiikubali kauli kwa sababu tu imechapwa. Ukiruhusiwa kujadili, ipime kwa vitabu vitatu. Katika Rosa Mistika, baada ya kifo chake, Rosa na baba yake, Zakaria, wanasimama mbele ya Mungu katika kesi ya kuamua nani alaumiwe. Katika Kichwamaji hakuna baraza kama hilo. Pana mwanadamu anayeuliza na asiyejibiwa. Katika Mzingile (1991), Mungu anaonekana kwa sura ya mzee aliye peke yake, aliyesahauliwa, na msimulizi ndiye anayemwendea. Mwandishi mmoja, aliyesoma seminari ya Kikatoliki ujanani, amemweka Mungu kwanza kama hakimu, kisha kama kimya, kisha kama mzee wa kuhurumiwa. Ni ipi kati ya picha hizo iliyo imani ya Kezilahabi? Alifariki Januari 2020, na vitabu vyake havitoi jibu moja. Kilichomo ni mageuzi ya picha, na hayo unaweza kuyathibitisha kwa kutaja sura na tukio.

Msichana yule aliandika insha yake. Alidai kwamba Kazimoto hamkani Mungu bali anamshtaki, na kwamba mtu hawezi kumshtaki asiyekuwapo. Alileta mifano minne, miwili yenye nguvu. Ule wa tatu niliuzungushia duara kwa wino mwekundu, kwa kuwa maneno aliyoyategemea si ya Kazimoto, na nikamwandikia pembeni: "Nani amesema haya?"